Kuzuru ndugu kwa pikipiki kutoka Dar es Salaam hadi Mbinga: jibu kwa msomaji

Msomaji mwenye umri wa miaka 51, anayeishi Munich nchini Ujerumani, ametuandikia akiomba ushauri. Alizaliwa karibu na Peramiho, akasoma sekondari Iringa, na akaondoka nchini mwaka 2003. Ana rafiki wa shule Morogoro, marafiki wengine Iringa, dada yake yuko Njombe, baba yake mkubwa yuko Peramiho na mama yake mdogo yuko Mbinga. Baba yake mzazi alifariki mwaka 2017, naye hakuweza kuja kuzika. Julai ijayo atakuwa na likizo ya siku 21, na anataka kuwafikia watu wote hao kwa pikipiki akianzia Dar es Salaam. Anauliza kama jambo hilo ni la busara, atumie pikipiki gani, apangeje siku zake, na kama arudi kwa njia ya Tunduru na Masasi ili asipite barabara moja mara mbili. Huko Ujerumani huendesha pikipiki ndogo ya sisi (cc) 125 kwa leseni ya gari iliyoongezewa ruhusa ya B196.

Ndugu msomaji, safari unayoiwaza ni ya busara na ningependa sana uifanye. Julai ni kipupwe, mvua za Nyanda za Juu Kusini zinakuwa zimekwisha tangu Mei, na lami imefika hadi Mbinga mjini, kwa hiyo kilomita takribani 1,050 za kutoka Dar es Salaam zinaendesheka hata kwa pikipiki ndogo. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni mpango wenyewe, kwa kuwa umegawa kilomita kwa siku, ukapata siku nne za barabarani, halafu ukawapachika ndugu kwenye jioni za siku hizo. Nimefundisha waendesha pikipiki na kuwasindikiza wageni wa aina yako, na ninaweza kukuambia kwamba anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi halali usiku wa kwanza. Atapokelewa, atalishwa, majirani wataitwa, mazungumzo yatafika saa nane za usiku, na alfajiri atapanda pikipiki kwa sababu ratiba inamwambia apande. Usingizi huo uliokosekana ndio unaomwangusha barabarani, na mara nyingi humwangusha mchana kweupe kwenye barabara iliyonyooka.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu, na mengine yote yanautegemea: kila nyumba ya ndugu au rafiki ipate siku nzima isiyo na pikipiki. Ukifika leo, kesho yake ufunguo ukae mfukoni kutwa, na uondoke kesho kutwa. Siku 21 zinatosha kabisa kwa utaratibu huo. Utatumia tatu za mwanzo Dar es Salaam kupumzika na kuizoea pikipiki, usiku mbili Morogoro, mbili Iringa, tatu Njombe, nne au tano Peramiho, mbili Mbinga, na zinazobaki ni za kurudi. Ukiona siku hazitoshi, punguza nyumba kabla ya kupunguza usiku. Rafiki wa Morogoro ataelewa ukimwambia utamwona wakati wa kurudi, lakini dada yako hataelewa ukifika kwake jioni na kuondoka asubuhi baada ya miaka yote hiyo.

Kabla ya jambo lolote, shughulikia leseni. Ruhusa ya B196 inatambulika ndani ya Ujerumani tu; ukishavuka mpaka wa nchi hiyo, kisheria wewe ni dereva wa gari asiye na leseni ya pikipiki. Trafiki wa huku huenda asiing'amue alama hiyo ndogo kwenye kadi yako, lakini kampuni ya bima itaing'amua siku ukipata ajali, na ndiyo siku utakayoihitaji. Jiandikishe sasa kwenye mafunzo ya daraja A kamili, ambayo kwa umri wako unaruhusiwa kuyafanya moja kwa moja bila kupitia madaraja ya chini, kisha uchukue na kibali cha kimataifa cha udereva. Utapata pia masaa ya kutosha chini ya mwalimu, na hilo kwangu lina uzito kuliko karatasi. Soma vilevile masharti ya bima yako ya safari, kwa kuwa nyingi huondoa ajali za pikipiki au huweka kikomo cha ukubwa wa injini.

Umeuliza kuhusu kusafirisha pikipiki kubwa kutoka Ulaya kwa meli. Kwa wiki tatu gharama na usumbufu wa forodha hauna maana, na pikipiki ya kilo mia mbili itakuwa mzigo mzito kwenye kilomita chache za mwisho za kuelekea kwa baba mkubwa, ambako njia ni ya vumbi laini au changarawe. Chukua pikipiki ya sisi 150 ya aina ambayo kila fundi wa njia kuu anaijua, yaani Boxer au TVS, ambazo spea zake zinapatikana hadi kwenye senta ndogo kabisa. Honda XR150L ni nzuri zaidi kwa vumbi, ina tairi kubwa mbele na breki ya diski, na ukiipata kwa kukodi kutoka kwa mtu unayemwamini, ichukue. Lakini umesema una mpwa huko Mbinga anayetafuta kazi ya kufanya. Mimi ningenunua Boxer mpya, ningemwandikisha yeye kuwa mmiliki kwa kutumia namba yake ya mlipakodi (TIN), na ningemwachia mwishoni. Usajili ukamilike kabla hujafika, na wakati wa safari ubebe nakala ya kadi pamoja na barua yake ya kukuruhusu kuitumia.

Injini mpya lakini haipandishwi mlima ikiwa na mzigo siku ya kwanza. Mwombe mpwa wako aje Dar es Salaam wiki mbili mapema, aizungushe taratibu kwa kilomita 500 za mwanzo bila kuivuta, kisha oili imwagwe na kuwekwa mpya, na fundi akaze nati zote, arekebishe klachi, mnyororo na breki. Nyingi za pikipiki hizi zina breki za drami mbele na nyuma, hazina mfumo wa kuzuia tairi kujifunga, na taa zake ni hafifu. Wewe uliyezoea kubana breki kwa nguvu na kuiachia mashine ifanye hesabu, utahitaji siku zako za mwanzo za Dar es Salaam kujifunza upya: gia ishushwe mapema, injini ikusaidie kupunguza mwendo, na nafasi kati yako na gari la mbele iwe mara mbili ya ile uliyozoea.

Ukiamua kukodi badala ya kununua, hakikisha namba ya usajili haidaiwi faini za zamani, maana deni hufuata chombo na utasimamishwa kwa makosa ya mtu mwingine. Stika ya bima nayo ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Faini ya pikipiki kwa kosa moja ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na hulipwa kwa namba ya malipo utakayopewa. Usitoe fedha mkononi. Tochi za trafiki za kupimia mwendo ziko nyingi kwenye vijiji vyenye kibao cha kilomita 50 kwa saa, nawe kwenye vijiji hivyo uwe na sababu nyingine ya kupunguza mwendo, nayo ni watoto wanaovuka kwenda shule.

Sasa barabara yenyewe. Toka Dar es Salaam Jumapili asubuhi mapema, kwa sababu kipande cha Kimara hadi Kibaha siku za kazi kinachosha kuliko mlima wa Kitonga ulio mbele yako. Hadi Morogoro ni kama kilomita 190, na kuanzia Chalinze utakuwa katikati ya malori ya Zambia na Kongo. Jambo ninalolirudia kwa kila mwanafunzi wangu ni kwamba kwenye barabara hii upande wako hauna uhakika wa kuwa wako. Basi linalokuja mbele yako likiwa linalipita lori halitarudi nyuma kwa ajili ya pikipiki. Dereva wake anategemea wewe utoke. Kwa hiyo muda wote jicho lako lijue kukoje kwenye bega la barabara: kama ni changarawe, kama ukingo wa lami umemeguka ukawa ngazi, kama kuna mtu anatembea. Ukitoka, toka ukiwa umeshapunguza mwendo, tairi zikiwa zimenyooka, na usikimbilie kurudi juu ya lami kwa pembe nyembamba, maana tairi la mbele hukwama kwenye ukingo na kukuangusha katikati ya njia.

Jambo la pili ni mifereji ambayo matairi ya malori yameikanyaga kwenye lami, hasa kwenye miinuko, kabla ya matuta, na karibu na mizani kama ile ya Mikese na ya Wenda. Pikipiki ikiingia kwenye mfereji huo hufuata mfereji badala ya kukufuata wewe, na mara nyingi ndani yake kuna dizeli iliyodondoka. Chagua mstari mmoja mapema, kaa juu ya tuta la kati au kando kabisa, na usivuke mfereji ukiwa umelala kwenye kona.

La tatu ni matawi. Ukiona majani mabichi ya mti yamewekwa barabarani, hata kama ni kitawi kimoja, juu ya kilima au baada ya kona kuna gari limeharibika, na huenda limesimama katikati ya njia. Usiku matawi hayo hayaonekani. Hii ni moja tu ya sababu zinazonifanya nikuombe uwe umeshafika uendako saa kumi alasiri, ukiwa na saa mbili za akiba kabla ya giza. Pancha moja na chakula cha mchana vitakula akiba hiyo yote.

Kutoka Morogoro hadi Iringa ni kama kilomita 310, siku ndefu kuliko zote. Ondoka saa moja, uingie eneo la Hifadhi ya Mikumi baada ya saa mbili asubuhi, wakati wanyama wameanza kusogea mbali na lami. Barabara kuu hukatiza hifadhi kwa kilomita 50 bila malipo, mwendo uwe ule wa vibao, na hupaswi kusimama kumpiga picha tembo ukiwa juu ya pikipiki. Kula mchana Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu vilivyopangwa kandokando ya njia, kisha upande Kitonga ukiwa umeshiba na umepoa. Kupanda huko ni gia ya pili na ya tatu nyuma ya malori yanayojikokota. Yavumilie, hakuna mahali pa kuyapita kwenye zile kona. Lori linaloshuka likikupita na harufu ya breki zilizoungua, fahamu kwamba jingine linaweza kuwa nyuma yake likiwa halina breki kabisa, kwa hiyo kaa mbali na mstari wa kati.

Kutoka Iringa kwenda Njombe hakuna haraka. Ni kama kilomita 220, na asubuhi za Julai kuanzia Mafinga hadi Makambako zina ukungu na baridi inayoganzisha vidole hadi visiweze kubana klachi. Ondoka saa tatu, vaa glavu za kweli na koti la kukinga upepo, simama Mafinga unywe chai. Njombe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na usiku wa msimu huo ni wa baridi kali. Kutoka hapo hadi Songea ni kama kilomita 235 za vilima na kona, zenye mteremko mkali wa Lukumburu. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za njia yako, kwa sababu malori ya Zambia na Kongo yameshageukia Mbeya pale Makambako.

Mizigo isizidi kilo 20. Zawadi za Njombe, Songea na Mbinga zifungashe Dar es Salaam na uzitume kwa basi kutoka Kituo cha Magufuli. Dada yako na mpwa wako watazipokea stendi. Begi lako lifungwe kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya zamani, maana inabana kuliko kamba na hailegei kwa mtikisiko. Beba tyubu mbili za akiba, viraka na pampu ya mkono, plagi, waya wa klachi na wa resi, kiungo cha kuungia mnyororo, na bandeji za kutosha. Petroli nunua kwenye vituo. Ya chupa vijijini mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa.

Kofia ngumu itoke Ujerumani, na uje na mbili. Moja ni yako na nyingine itakuwa ya mpwa wako baadaye, kwa kuwa kofia nyepesi zinazouzwa na pikipiki nyingi hazilindi kichwa. Utakapofika nyumbani wapwa na watoto wa jirani watataka kupakiwa, tena watatu kwa mpigo. Kataa mshikaki tangu mwanzo, kwa upole na bila ubaguzi: abiria mmoja, mwenye kofia, na usiwe umekunywa kitu. Iringa na Njombe utakaribishwa pombe ya kienyeji, na kukataa kabisa kunaweza kuonekana dharau. Hapo ndipo siku isiyo na pikipiki inapokusaidia tena, kwa kuwa unaweza kupokea usiku wa kufika ukijua kesho huendeshi.

Suala la baba yako limenikaa moyoni, na naomba unisamehe nikiligusa bila kuulizwa. Hukuhani. Kwa mpango wako utapita Morogoro, Iringa na Njombe ukicheka na kupiga picha na marafiki kabla ya kufika kaburini, na picha hizo zitafika Peramiho kwa simu kabla yako. Mpigie baba mkubwa leo, kabla hujakata tiketi. Mweleze kwamba unakuja, kwamba unakuja kwa barabara na utalala kwa fulani na fulani njiani, na umwombe ruhusa na baraka. Mwulize kama familia ingependa misa ya kumwombea marehemu, na kama kaburi limejengewa au lilikuwa linakungoja wewe. Huenda akakuambia uje moja kwa moja, uhani kwanza, kisha utembee; akisema hivyo, panda ndege ya kwenda Songea, fanya yanayokupasa, na uanzie safari ya pikipiki hapo kuelekea Njombe na Iringa. Safari ikigeuzwa hivyo haipotezi kitu.

Mwambie pia wazi kuhusu pikipiki. Wazee wengi wamezika vijana wa bodaboda, na kumwona mtoto wao aliyetoka Ulaya akija kwa chombo hicho kutawatia hofu au kuwafanya wadhani mambo yako yameharibika. Akijua mapema, akajua una mafunzo, huendeshi usiku na una watu wa kukupokea kila kituo, atakuwa upande wako. Ukikaribia boma lake zima injini mapema, vua kofia na glavu, uingie kwa miguu ukipiga hodi, uamkie kabla ya kuanza kueleza habari za njiani.

Siku baada ya kuhani usiendeshe popote, hata kwenda Songea kununua soda. Mtu aliyelia usiku anaona barabara polepole, na mwenyewe hajui kwamba anaona polepole. Kwa sababu hiyo hiyo nimekupa usiku nne au tano Peramiho, na kwa dada yako tatu, maana naye hajawahi kulia nawe.

Usiwatajie watu saa ya kufika. Ukisema saa saba, saa saba na nusu simu zitaanza, na utajikuta unazipokea ukiwa umeshika resi kwa mkono mmoja. Waambie utafika kabla ya jua kuzama, na kwamba mtu mmoja tu, labda dada yako, ndiye utakayemjulisha kila unaposimama. Wengine wamwulize yeye.

Afya nitaigusia kwa ufupi. Kinga ya malaria uliyokuwa nayo utotoni imeshafifia baada ya miaka mingi Ulaya, hivyo meza dawa za kuzuia kama mgeni yeyote, na ukipata homa kapime siku hiyo hiyo. Hilo lina uzito zaidi ukishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kilomita kama 66 za kupita milima ya Wamatengo hadi ufukwe wa joto wa Ziwa Nyasa. Mkipata nafasi, nenda huko na mpwa wako kwa kupokezana usukani. Kwa ajali au ugonjwa upande wa Songea, hospitali ya misheni ya Peramiho iko karibu na nyumbani kwenu. Misheni yenyewe ilianzishwa mwaka 1898 na Wabenediktini wa St. Ottilien, monasteri isiyo mbali na unapoishi sasa.

Sasa swali lako la mwisho, la kurudi kwa Tunduru na Masasi. Barabara hiyo ni ya lami, na kati ya Namtumbo na Tunduru kuna tembo wanaovuka, nami naipenda. Lakini ni zaidi ya kilomita 1,000 za kuzunguka hadi Dar es Salaam, na katika orodha yako hakuna hata mtu mmoja anayeishi huko. Utazimaliza ukiwa peke yako, umechoka, na ndege inakusubiri. Wakati huohuo dada yako na rafiki zako wa Iringa watakuwa hawajaagwa, na kwetu aliyepokelewa vizuri akaondoka kwa njia nyingine bila kuaga huacha maneno nyuma yake.

Hivyo mkabidhi mpwa wako pikipiki, kadi halisi, spea zilizobaki na ile kofia ya pili mkiwa Mbinga, mbele ya mama yako mdogo ili isije ikaleta ugomvi wa nani alipewa nini. Umwambie kwa kilomita oili imebadilishwa lini na mnyororo umekazwa lini, na umlipie bima ya mwaka. Kisha urudi kwa basi kwa hatua: usiku mmoja Njombe, mmoja Iringa, na kama hukumwona rafiki wa Morogoro wakati wa kwenda, mmoja kwake. Acha siku mbili kamili Dar es Salaam kabla ya ndege, maana unga, maharage na parachichi utakazofungashiwa njia nzima zitahitaji kupangwa upya, na baadhi hutaruhusiwa kuziingiza Ujerumani.